Mpe msomaji kitabu anachokitaka

Mdogo wangu, umesema wasomaji wa maktaba yenu hapo Tanga wanaulizia riwaya za mapenzi na vitabu vya kutafsiri ndoto, huku vya Shaaban Robert vinakaa rafuni. Roho inakuuma, na unauliza kama ni sawa kuwahimiza wachukue vya maana. Naomba usifanye hivyo, labda wakuombe wenyewe.

Anakuja fundi baiskeli wa Ngamiani, vidoleni bado ana grisi, anataja riwaya yake kwa sauti ya chini. Ukikunja uso, au ukirudia jina la kitabu hadi meza ya pili wasikie, umeshamfukuza bila kumwambia toka. Hatarudi, wala hatakuambia kwa nini. Hilo ndilo linaloniumiza mimi, kwa sababu mtu mzima aliyetoka kazini akaja kutafuta kitabu ni wa kupokewa kwa mikono miwili. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa kanuni tano za maktaba mwaka 1931, na ya pili inataka kila msomaji apate kitabu chake. Hakutaja kile anachokipenda mkutubi.

Akikuuliza, "Nisome nini kizuri?" hapo mtajie Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hukohuko Tanga, tena kwa moyo wote.

Watoto ni habari nyingine. Kwao fuata utaratibu wa maktaba kuhusu umri.

Halafu weka daftari, uandike kila kitabu kinachoulizwa ambacho hamna. Wakati wa kununua vipya ukifika, mpelekee mkuu wako.