Nimetuma maombi ya uandishi kwa tovuti na magazeti 43, mbona hakuna anayejibu?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa miaka 24, niko Masasi, mkoani Mtwara. Nina stashahada ya uandishi wa habari. Nimeshatuma barua pepe kwa magazeti na tovuti 43, za ndani na za nje, aliyejibu ni mmoja tu, akasema "tutakutafuta". Nimejiunga Upwork, lile soko la kazi za mtandaoni, nikaishiwa zile pointi za kuombea kazi bila kupata hata moja. Sasa kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anasema ana kazi ya kuandika makala za kampuni ya Canada, dola 600 kwa mwezi, ila kwanza nilipie shilingi 35,000 ya usajili. Nilipe? Na kwenye barua yangu nakosea wapi? Nakuambatanishia uione. Samahani nimechelewa kukutumia, bando liliisha na baba bado hajalipwa korosho alizopeleka AMCOS, chama chetu cha msingi cha ushirika, ndiyo tunasubiri.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. La haraka kwanza: usilipe. Kwenye kazi hii fedha hutoka kwa mhariri kuja kwa mwandishi. Umoja wa Mataifa, ambao nafasi zake za mawasiliano zinagombewa na dunia nzima, hautozi ada katika hatua yoyote ya maombi. Sekretarieti ya Ajira, inayotangaza nafasi za Afisa Habari serikalini kupitia Ajira Portal, nayo haitozi. Hiyo kampuni ya Canada inayotaka 35,000 iingie kwenye laini ya simu ya mtu binafsi ina shida gani ya fedha mpaka ikose usajili wako?

Barua yako nimeisoma mara mbili. Inaanza hivi: "Mimi ni mwandishi kijana, mchapakazi na mwenye kujituma. Naomba nafasi ya kuandika habari zozote mtakazonipangia." Chini yake kuna viambatanisho saba, pamoja na cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne.

Nilikaa dawati la makala miaka tisa, kwa hiyo nikueleze barua hiyo inavyopokelewa. Ni saa nne asubuhi. Mhariri ana barua hamsini hazijafunguliwa, ana kikao baada ya nusu saa, na ukurasa wa kesho una tundu kwa sababu mwandishi aliyeahidi makala amezima simu. Anachotafuta kwenye kisanduku chake ni habari. Anafungua yako, anakuta mtu anayeomba apangiwe. Maana yake umemwongezea kazi: akae afikirie akutume wapi, kwa habari gani, na kama unaweza. Hana muda huo. Hata kama ana roho nzuri ataandika "tutakutafuta", na hatakutafuta. Cheti cha kuzaliwa hatakifungua kabisa.

Kosa lako liko kwenye neno moja: "zozote".

Sasa rudi kwenye mstari wako wa mwisho, ule wa kuniomba radhi. Baba hajalipwa korosho. Ulipoandika hivyo ulidhani unajitetea kwa kuchelewa. Mimi niliposoma nilikaa wima. Kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka mzigo AMCOS, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, kisha malipo yanaingia kwenye akaunti yake ya benki. Kwa hiyo swali ni fupi na lina majibu: fedha imekwama kituo gani? Mnada ulifanyika lini, mnunuzi amelipa au hajalipa, chama kikuu cha ushirika kinasemaje, benki inasemaje? Ni wakulima wangapi wa AMCOS hiyo wako kama baba? Wasomaji wa korosho wana kumbukumbu ndefu pia. Wote wanaukumbuka msimu wa 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaibeba, na kelele za malipo zilizofuata.

Mwandishi aliyeko Dar es Salaam hawezi kuipata habari hiyo kwa simu. Aliyeko London ndiyo kabisa. Wewe unaweza kwenda kwa miguu.

Tahadhari moja hapo: baba akufikishe kwenye habari, lakini usimfanye chanzo chake. Usimnukuu, na mhariri umwambie mapema kwamba mzee wako ni mmoja wa wanaodai. Ukilificha likaja kujulikana, habari nzima inaanguka hata kama kila tarakimu ni sahihi.

Ukishazungumza na wakulima watatu, wanne, ukaona stakabadhi zao kwa macho, ndipo unaandika. Ningeandika hivi (namba ni za mfano, weka utakazozikuta):

"Kichwa: Masasi: siku 41 baada ya mnada, wakulima wa korosho hawajalipwa

Habari za kazi, Mhariri. Wakulima wa AMCOS moja wilayani Masasi waliouza korosho kwenye mnada wa mwezi uliopita hawajapata fedha zao mpaka leo. Nimezungumza na wanne na nimeona stakabadhi zao. Mmoja anadai kilo 620 na mtoto wake amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango. Katibu wa AMCOS amekubali kuzungumza Jumatano. Chama kikuu nimewapelekea maswali kwa maandishi, nasubiri.

Naweza kukuletea maneno 900 na picha nne ifikapo Ijumaa. Baba yangu ni mmoja wa wanaodai. Sitamtumia kama chanzo. Ninaishi Masasi, nina stashahada ya uandishi wa habari. Kazi zangu mbili ziko kwenye linki hapa chini."

Imeisha. Hakuna "mchapakazi". Kujituma kwako mhariri atakuona kwenye zile stakabadhi ulizozisoma. Kichwa cha barua kimebeba mahali na tarakimu, kwa hiyo hata akikisoma kwenye simu akiwa kwenye daladala anajua kilichomo ndani. Wewe mwenyewe umewekwa mwisho, mistari miwili. Usiambatanishe chochote, wengi hawafungui mafaili ya mtu wasiyemjua.

Ipelekwe wapi? Kwa Kiswahili anza na Mwananchi, Nipashe au HabariLeo. Kwa Kiingereza kuna The Citizen na The Chanzo. Mpelekee mmoja kwanza, mpe siku tatu nne, umkumbushe mara moja, ndipo uende kwa mwingine. Wahariri wa hapa nchini wanajuana, na habari moja ikiibuka magazeti mawili asubuhi moja jina lako linabaki kwenye vikao vyao. Mkishakubaliana na wa kwanza, habari hiyohiyo unaweza kuipeleka nje kwa engo nyingine. African Arguments au The Continent, lile gazeti lililoanza 2020 likisambazwa kwa WhatsApp, msomaji wake hajui AMCOS ni nini, lakini atataka kujua kwa nini nchi inayolima korosho nyingi hivi husafirisha sehemu kubwa ikiwa ghafi. Ukiwa na habari ya misitu au bahari, jaribu Mongabay. Nyingi za tovuti hizi zina ukurasa unaoeleza jinsi ya kuwapelekea mawazo, wanachotaka na wasichotaka. Usome wote kabla hujaandika. The Conversation iache: wale huandikiwa na wanataaluma wa vyuo vikuu.

Umesema kwenye barua kwamba Kiingereza chako "si cha kujivunia". Basi usisahau kwamba dunia ina vyumba vya habari vinavyofanya kazi kwa Kiswahili tangu kabla mama yako hajazaliwa: idhaa ya BBC ilianza 1957, ya Deutsche Welle 1963. Siku hizi kuna pia RFI Kiswahili na idhaa ya Umoja wa Mataifa. Hao wanasikiliza kabla ya kusoma. Jifunze kurekodi kwa simu bila upepo (ingia ndani ya gari, au jifunike kitenge kichwani, wala usione aibu, wakubwa wote wamefanya), kata sauti dakika mbili, hiyo ndiyo sampuli yao.

Habari zinazohitaji safari, kama kwenda vijiji kumi, usijigharamie. Earth Journalism Network na Pulitzer Center hutoa ruzuku kwa mwandishi mwenye wazo lililonyooka, na matangazo ya aina hiyo hukusanywa kwenye tovuti ya IJNet. Jiandikishe kwa barua pepe yao, ni bure, haili bando.

Nikwambie na ukweli ambao vyuoni hausemwi: waandishi wengi wa kujitegemea ninaowafahamu kodi ya nyumba hawailipi kwa habari. Wanalipa kwa kuandika ripoti na simulizi za miradi ya mashirika, na nafasi hizo zinatangazwa kwenye tovuti ya ReliefWeb. Si aibu. Ila shirika likishakulipa, usije ukaliandikia habari gazetini kana kwamba hamjuani.

Upwork si utapeli, lakini ni soko la kununua tiketi ya kuingia. Zile pointi zikiisha unanunua nyingine, na kwenye "kuandika makala" unashindana na dunia nzima. Punguza wigo: tafsiri ya Kiingereza kwenda Kiswahili, kunakili sauti za mahojiano ya Kiswahili, kuhariri Kiswahili. Humo Kiswahili cha Masasi ni mtaji. Kwa tafsiri kuna pia ProZ, ambako wafasiri huwapa wateja alama kwa jinsi wanavyolipa. Angalia alama kabla ya kukubali kazi. Mteja anayekuvuta mtoke nje ya Upwork mkamalizane Telegram, mwache. Na ile kazi ya "academic" utakayoikuta kila kona, iliyoota mizizi sana Nairobi, ni kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha zao. Uingereza imepiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya 2022. Italipa, lakini hakuna jina lako hata kwenye ukurasa mmoja, na mwaka ukiisha huna cha kumwonyesha mhariri.

Malipo sasa. Mwaka 2014 tovuti moja ya nje ilichukua habari zangu tatu, ikazichapisha, kisha ikaniambia bajeti imebadilika. Sikuwa na cha kushika, kila kitu tulikubaliana kwa mdomo kwenye Skype. Tangu siku hiyo siandiki hata aya kabla barua pepe haijasema: maneno mangapi, kiasi gani, kinalipwa lini baada ya kuchapishwa, na nikikamilisha kazi halafu wasiichapishe nalipwa sehemu gani. Uliza bila woga, mhariri wa kweli hakasiriki. Uliza na njia ya kulipa, kwa sababu akaunti za PayPal zinazofunguliwa Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa za kulipia tu, si za kupokea. Ndiyo maana wengi tunatumia Payoneer au benki moja kwa moja. Benki za katikati hukata dola zao njiani, kwa hiyo malipo madogo omba yakusanywe mawili matatu. Jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho cha NIDA. Nimeona fedha ya mtu ikirudi Ulaya kwa sababu ya "h" moja. Kwa kampuni za hapa nchini uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na usishtuke ukikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5.

Halafu kuna ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi ya uandishi wa habari. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe nayo, kiwango cha chini cha elimu ni stashahada, na hiyo unayo. Omba kwa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari kabla hujaenda kumhoji katibu wa chama kikuu, maana swali lake la kwanza litakuwa kitambulisho. Na usifungue blogu ya habari ili upate pa kuonyesha kazi zako. Blogu ya habari inataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, gharama usiyoihitaji sasa. Weka habari zako mbili kwenye faili la Google Drive lililo wazi kwa mwenye linki. Kama hujawahi kuchapishwa popote, iandike hii ya korosho mpaka mwisho kwa maneno 900, hiyo ndiyo sampuli ya kwanza.

Yule wa WhatsApp, namba yake itume kwenda 15040, ndiko TCRA wanakopokea taarifa za matapeli wa simu. Kisha nenda ukaione stakabadhi ya baba ina tarehe gani.