Kioo cha mbele cha gari kikibanduka, tazama kwanza gundi imebaki wapi

Ukikuta gundi yote imebaki kwenye bodi na kioo kimetoka kisafi kama sahani iliyooshwa, gundi haikuwahi kukishika. Kioo kilikuwa na mafuta, vumbi au jasho la vidole. Ikiwa imechanika katikati, nusu huku nusu kule, imeshika pande zote, ila imezidiwa nguvu au haikukauka. Na ikitoka na magamba ya kutu, gundi ilishika kutu, kutu ndiyo haikushika bati.

Gundi hushika pale inapoenea na kugusana na uso wenyewe. Kwenye mafuta hujikunyata, kama tone la maji kwenye sufuria ambayo haijasuguliwa. Kwa hiyo futa kingo za kioo kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha usiziguse tena. Petroli usitumie, huacha utando.

Upande wa bodi, mafundi wengi hukwangua mpaka bati. Kosa. Gundi ya zamani ikiwa nzima, ikate ibaki unene wa milimita 1 au 2. Poliurethani mpya, yaani gundi yenyewe ya vioo vya magari, huishika vizuri sana. Palipochubuka paka praima (rangi ya awali inayotangulia gundi), penye kutu piga msasa kwanza. Kama aliyetangulia aliweka silikoni, iondoe yote, kwa sababu poliurethani haiishiki kabisa.

Kata mdomo wa tyubu kwa umbo la V, utoe mstari wa pembetatu wenye kimo cha milimita 12 hivi. Ukikandamizwa, unatanuka bila kuacha mapengo. Zungusha bila kukatiza, kisha weka kioo ndani ya dakika 10, kabla mstari haujaota ngozi. Ngozi ikishaota, hata ukandamize vipi haitashika.

Poliurethani hukazwa na unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, kama milimita 3 au 4 kwa siku. Mombasa huwahi, Dodoma wakati wa kiangazi huchelewa. Juu pakigusika pakavu, ndani bado ni laini. Acha dirisha moja wazi kidogo, maana ukibamiza mlango hewa husukuma kioo nje. Muda wa kuliachia gari umeandikwa kwenye tyubu, na mteja akiharakisha mwambie hivi: kwenye magari mengi, eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) ya abiria ikifumuka hujiegemeza kwenye kioo hicho.