Muulize Fundi: Ukuta wa mawe unaotoa maji

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Kaka yangu anaishi Dublin, Ayalandi. Amenitumia picha ya ngome ndogo ndani ya Phoenix Park, bustani ambayo zamani mfalme aliwekewa ya kuwindia. Eti ngome hiyo ilikuwa imefichwa ndani ya nyumba nyingine! Ni kweli? Nauliza kwa sababu duka la mawe alilotuachia marehemu baba hapa Kisumu lina unyevu ukutani, na fundi wetu anataka kupiga plasta ya simiti nzito zaidi. — Achieng', Kisumu

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kaka yako hakudanganyi. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1662 na Duke of Ormond, aliyeitawala Ayalandi kwa niaba ya Mfalme Charles II, na kulungu wangali wanazurura humo. Ngome yenyewe, Ashtown Castle, ni mnara wa mawe ulioitangulia bustani. Baadaye ulimezwa na nyumba kubwa ya wakubwa wa serikali, ambayo mwishowe ikawa makazi ya balozi wa Papa. Kufikia 1978 mbao zake zilikuwa zimeliwa na kuvu mpaka nyumba ikabidi ibomolewe. Hapo ndipo mnara ulipojitokeza, ukakarabatiwa.

Kuvu wa namna hiyo hawaji bila unyevu. Na huyo fundi wako ndio anaotaka kuufungia ndani!

Ukuta wa mawe wa zamani hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia jointi, yaani maungio kati ya mawe. Ukiuziba kwa simiti, maji hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Gonga hiyo plasta kwa mpini wa nyundo: penye mlio wa debe tupu, imeshaachana na jiwe. Bandua kipande uone unga mweupe nyuma yake. Hiyo ni chumvi, nayo hulimenya jiwe polepole. (Mafundi wa siku hizi huiona, wakaipaka rangi. Mimi hunyamaza tu.)

Anza nje. Kama udongo umepanda kuliko sakafu ya ndani, uchimbwe. Gata ikivuja, itengenezwe. Kisha simiti ibanduliwe kwa patasi, taratibu, na ukuta uachwe ukauke kabla ya kugusa lolote.

Plasta iwe ya chokaa, na kwenu haiko mbali, inachomwa Koru. Iloweke kwenye pipa hadi iwe kama uji mzito. Fundi avae glavu, maana inaunguza. Karai moja ya chokaa kwa tatu za mchanga mkali uliooshwa. Lowesha ukuta, piga nyembamba, funika kwa magunia yenye maji siku kadhaa. Jua la Kisumu likiiwahi, itapasuka. Usianze wakati wa mvua ya masika.

Ila kwanza pita Makavazi ya Kisumu uulize kama jengo limetangazwa rasmi kuwa turathi. Likiwa limetangazwa, sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inakukataza kuligusa bila kibali, hata kama hati ya shamba ni ya baba yako.