Ndege Huaga Kabla ya Kuruka

Wengi mnaoanza kupiga picha za wanyamapori mnauliza mnunue lenzi gani. Milimita 400 zinatosha, tuendelee. Swali lenye faida ni hili: utajuaje kwamba yule tai pale juu anaondoka sasa hivi?

Atakuonyesha mwenyewe. Ndege mkubwa akitaka kuruka mara nyingi hujisaidia kwanza, kisha huinama mbele na kukunja miguu. Ukiona kinyesi kinadondoka, kidole kiwe tayari kwenye kitufe. Tena huruka kuelekea upepo unakotoka, kwa hiyo upe upepo mgongo ili aje upande wako, la sivyo utarudi nyumbani na picha za mikia mitupu. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, anza na 1/2000 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe. Chengachenga kidogo kwenye picha zinavumilika, lakini jicho lililotoka ukungu halina dawa.

Wa kufanyia mazoezi ni mdiria, yule mweusi na mweupe wa Naivasha na Mwanza. Huelea hewani juu ya maji, mbawa zikipiga palepale, kabla hajajitosa. Kwa anayejifunza fokasi, yaani kulenga ili picha itoke kali, sijui mwalimu mwingine mwenye subira kama huyo.

Dubu hatunao huku kwetu, ila mlioko Marekani mnaweza kufika Brooks Falls, ndani ya hifadhi ya Katmai, Alaska. Mwezi wa Julai samoni hupanda mto na kuruka maporomoko yenye kimo cha karibu mita 2, na dubu wa kahawia husimama ukingoni wakiwangoja. Kila mtu hulenga samaki akiingia kinywani. Nzuri, ila imepigwa mno. Mimi humngoja dubu anayetoka majini. Akisimama na kutanua miguu, anajikung'uta: mtikisiko huanzia kichwani, maji yanaruka kama mwavuli uliofunguliwa ghafla, kisha unashuka mgongoni mpaka makalioni. Anza kupiga mfululizo kabla kichwa hakijageuka.

Watazame na shakwe. Dubu aliyekwisha kushiba hula ngozi, ubongo na mayai tu ya samaki, mengine anayaacha. Shakwe wanalijua hilo, nao husogea kabla hajaachia. Wakianza kusogeleana, geuza lenzi huko.

Dubu mweusiweusi akijaza fremu, kamera hudhani kuna giza, inaongeza mwanga na povu la maji linaungua, linabaki weupe mtupu. Punguza mwanga kidogo.

Umbali hauna mjadala: Katmai ni mita 46 kutoka kwa dubu, Yellowstone, hifadhi nyingine ya Marekani, ni 91. Na mnyama akiacha shughuli yake akakukazia macho, rudi nyuma polepole hata kama kipimo kinakuruhusu.

Jambo la mwisho ni kile kioo cha nyuma ya kamera. Kizime. Picha utazikagua usiku, maana mkiinamisha vichwa wote kuangalia mliyopiga, dubu wa pili ndipo anapotokea vichakani.