Majibu ya kinyama yameshatoka, CT skani ya nini tena?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 61, ni mvuvi hapa Ukerewe. Alikuwa na kidonda pembeni mwa ulimi kisichopona, kikakatwa kinyama, majibu yakasema saratani. Sasa ametakiwa avuke kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kupiga CT skani ya shingo yenye dawa. Ugonjwa si umeshajulikana? Na hiyo dawa haitamharibu figo?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Kinyama kimesema ni ugonjwa gani. Umefika wapi, hakijasema, na daktari wa upasuaji hawezi kushika kisu bila kulijua hilo.

Kwa kidonda cha ulimi, mimi msomaji wa picha nikifungua CT naanza na taya. Mfupa ukiwa umeliwa, huenda kipande cha taya kikatolewa pamoja na uvimbe, na mzee ana haki ya kuambiwa hilo mapema. Kisha nashuka shingoni, kipande kwa kipande, milimita chache kila kimoja, nikitafuta matezi ambamo saratani huenda imeshaingia. Tezi linalozidi sentimita 1 upande wake mwembamba linatia shaka. Lenye kiini cheusi na ukingo unaong'aa linanitisha hata likiwa dogo, maana katikati pameshakufa. Naangalia pia kama limeuzunguka mshipa mkubwa wa damu, ule unaodunda ukiweka vidole kando ya koo. Bila dawa, tezi na mshipa hufanana rangi.

Dawa yenyewe ina madini joto. Figo zikiwa nzima, nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Wa kuangaliwa ni yule ambaye figo zimeshachoka, ndiyo maana hupimwa kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Msikiruke kipimo hicho. Aseme kama ana pumu, kama anameza metformini (dawa ya kisukari), au kama aliwahi kudhurika na dawa ya namna hiyo. Ikiingia mshipani atasikia joto mwili mzima, hata adhani amejikojolea. Mwambieni kabla asishtuke, kwa sababu akimeza mate tu wakati mashine inapiga, picha inatibuka. Meno bandia avue.

Kwa nyama ya ulimi yenyewe, MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona vizuri zaidi, na tezi lenye shaka huenda likachomwa sindano ya kuchukua chembe za kupima. Akiongezewa vipimo hivyo, hazungushwi.

Mkipanda kivuko, bebeni karatasi ya majibu ya kinyama. Msomaji wa picha anahitaji kujua kidonda kiko upande gani wa ulimi.