Jibu: Salsa – kila nikicheza naambiwa namtangulia mwenzangu

Dada, unasema umejifunza salsa miezi mitatu na bado unaambiwa unazunguka kabla mwenzako hajakuongoza; kwa muda huo hujachelewa hata kidogo. Ila zile video za mbwembwe za mikono unazouliza ziache kwanza, hazitaponya hilo.

Angalia unafanya nini mwenzako anapouinua mkono wako. Wengi wetu tukiona mkono umepanda tunazunguka papo hapo, kwa sababu darasani ndivyo ilivyokuja. Kumbe kwenye mzunguko wa kulia wa kawaida, ukihesabu mapigo ya muziki 1 hadi 8, 1-2-3 ni taarifa tu. Kuzunguka ni 5-6-7. Ile 4 ni ya kutulia, na ndiyo tunayoila kwa haraka. Mkono nao usiwe tambi wala fimbo: kiwiko kikae mbele kidogo ya mbavu, ili mwenzako akisukuma kidole tu, bega lako lisikie. Mfanye zoezi: funga macho, mshikane vidole, akutembeze sebuleni kwa rumba ya polepole, bila hatua yoyote ya salsa. Utashangaa.

Halafu muulize mwenzako anabadili mwelekeo kwenye pigo la ngapi. Mtindo wa New York aliousambaza mwalimu wa salsa Eddie Torres hubadili mwelekeo kwenye 2, wa Los Angeles kwenye 1. Kama yeye ni wa 2 na wewe wa 1, utamtangulia tu hata ukiwa bingwa.

Mbwembwe uanze nazo kwenye mkono ulio huru, tena ukiwa peke yako. Mimi niliziwahi, nikamzaba mtu kofi la sikio katikati ya ukumbi.