Wasomaji Wanauliza: Jumapili Inayochosha Kuliko Jumatatu

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja, nalo ni pumziko. Nimechagua tatu, nikazifupisha na kuyaacha majina ya walioziandika.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mama Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, nimeolewa na nina watoto watatu. Jumapili ninaamka saa kumi alfajiri kwa sababu kwaya yetu huimba ibada ya kwanza. Baada ya ibada kuna mnada, kisha kikao cha kamati, na saa tisa alasiri huwa kuna kikao cha harusi ya ndugu au ya jirani. Jioni ninasahihisha madaftari, maana Jumamosi yote nafundisha tuisheni ili nipate fedha za michango. Namshukuru Mungu kwamba dada wa kazi hunisaidia kupika, la sivyo tusingekula. Nikikataa jambo lolote naambiwa nimepoa kiroho, na mama mkwe huniita mvivu. Je, Mkristo anapumzika vipi ikiwa kazi zenyewe ni za Mungu?

JIBU: Amina, dada yangu. Nianze na shutuma ya uvivu, kwa sababu ni ya kale sana. Katika Kutoka sura ya 5, Musa na Haruni walimwomba Farao awaruhusu Waisraeli waende mwendo wa siku tatu jangwani kumtolea Bwana dhabihu, naye akajibu kwamba watu hao ni wavivu, akaagiza wasipewe tena majani makavu ya kufyatulia matofali huku hesabu ya matofali ikibaki ile ile. Watu hao hao ndio waliopewa Sabato baadaye, na Kumbukumbu la Torati 5:15 inaitaja sababu waziwazi: wakumbuke kwamba walikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Kwa hiyo anayeacha kazi siku moja katika saba anakiri kwamba bwana anayemtumikia sasa si Farao. (Sikushauri umsomee mama mkwe sura hiyo. Mwandalie chai, ukae naye muda mrefu; yumkini naye hajapumzika tangu alipoolewa.)

Sasa tuje kwenye swali lako. Wengi wetu tunapozungumzia Sabato tunakimbilia Mlima Sinai na Amri Kumi, tukisahau kwamba Waisraeli walifundishwa kupumzika kabla ya hapo, kwa chakula, katika Kutoka sura ya 16. Kila asubuhi waliokota mana, pishi moja kwa kila kichwa. Aliyeweka akiba hadi kesho yake alikuta imeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita waliokota maradufu, na ile ya ziada haikuoza. Siku ya saba haikushuka mana, na bado wapo waliotoka na vyombo vyao kwenda kutafuta, wasipate kitu. Somo la kiasi na somo la pumziko yalitolewa pamoja, katika wiki moja na kwa chakula kile kile, kwa maana mtu asiyejua kiasi kinachomtosha hawezi kupumzika. Kila siku ataona kuna kitu nje cha kuokota. Ndiyo maana sidhani kwamba shida yako ni kukosa mbinu ya kuubana muda wa kupumzika katikati ya shughuli za Jumapili. Pumziko la siku ya saba hugharamiwa na siku sita zilizotangulia, na gharama yenyewe ni vitu unavyokubali kuviacha bila kuviokota.

Hebu ifuatilie barua yako kwa kurudi nyuma. Madaftari yanasahihishwa Jumapili jioni kwa sababu Jumamosi umefundisha tuisheni. Tuisheni inafundishwa kwa sababu ya michango. Na michango, kama ninavyoijua mimi kwenye vikao vyetu, inapanda kwa sababu ahadi hutajwa mbele za watu, hivyo anayefuata huona haya kutaja pungufu. Ongeza sare ya kitenge ya sherehe ya kumuaga binti, na nyingine ya siku ya harusi, ambazo hutazivaa tena kwa sababu sherehe ijayo itakuwa na kitenge chake. Ukiangalia vizuri, Jumapili yako inaliwa na kile kitenge. Kaeni wewe na mumeo, mpange kiasi ambacho nyumba yenu inaweza kutoa kwa mwaka kwa ajili ya harusi, mkiiondoa misiba kwenye hesabu hiyo kwa kuwa msiba haupangwi, halafu mtaje ahadi ndogo na kuilipa mapema kwa simu. Mweka hazina aliyekwisha kupokea fedha hamtafuti mtu kwenye kikao. Tuisheni ipungue iwe ya asubuhi tu, madaftari yasahihishwe mchana huo, na Jumapili jioni itabaki tupu. Iacheni hivyo hivyo ikiwa tupu, wala msitafute semina ya kuijaza.

Kuhusu kazi za kanisa, huduma moja inayofanywa vizuri inatosha. Kama kwaya ndiyo unayoipenda, baki kwaya, uwaachie wengine kamati. Na ukiambiwa umepoa, kumbuka kwamba Yesu mwenyewe aliwaambia mitume waende mahali pasipokuwa na watu wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi, wakija na kuondoka, hata haikuwapo nafasi ya kula (Marko 6:31). Hao walikuwa wametoka kuhubiri na kuponya. Kazi yao ilikuwa ya Mungu, tena bila shaka yoyote, na bado waliambiwa waiache.

Limebaki neno moja ambalo hukuuliza. Umeandika kwamba dada wa kazi husaidia kupika wakati ninyi mko kanisani. Kutoka 23:12 inamtaja ng'ombe, punda, mtoto wa mjakazi na mgeni kuwa ndio wanaopaswa kupumzika na kuburudika, na Kumbukumbu la Torati 5:14 inasema mtumishi apumzike kama wewe. Amri hii anaambiwa mwenye nyumba kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezo wa kuwanyima wengine pumziko. Hata Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa pumziko la saa 24 mfululizo kila wiki, na dada wa kazi ni mwajiriwa. Nakusihi basi, kama nyinyi mtapumzika huku yeye akisonga ugali wa watu kumi, msiiite Sabato.

Ndugu zetu Waadventista Wasabato, ambao kazi yao ilianza Upare mwaka 1903 na Gendia, kule Kenya karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wanatuzidi sana katika jambo hili. Kwao Ijumaa ni siku ya maandalio: jua linapozama, chakula kimeiva, maji yamejazwa kwenye ndoo, nguo zimepigwa pasi na viatu vimepakwa rangi na kupangwa mlangoni. Sisi tunaoabudu Jumapili tunaweza kufanya vivyo hivyo Jumamosi alasiri. Maharage yakilowekwa asubuhi yataiva kabla ya giza. Yakiungwa nazi asubuhi ya pili ni chakula kamili, na dada naye ataingia ibadani au atakwenda kuwaona ndugu zake. Mgeni akija atakuta maharage. Najua utaona aibu, kwa kuwa tumezoea kwamba mgeni wa Jumapili anastahili kuku. Wahubiri wetu, mume wangu akiwamo, humsema sana Martha wa Luka 10 kwa kuhangaika na utumishi mwingi, kisha wakishuka madhabahuni huuliza kama kuku ameiva.

SWALI: Shikamoo Mama Mchungaji. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja Mwanza, na zamu zetu hubadilika kila wiki, hivyo katika mwezi ninaweza kukosa ibada za Jumapili tatu. Siku ninazokuwa sina zamu hufanya kazi kwenye zahanati ya mtu binafsi ili nimalize nyumba yangu. Dhamiri inanisumbua kwamba ninaivunja siku ya Bwana.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa upande wa wodi, dhamiri yako na itulie. Yesu alisema kwamba makuhani hufanya kazi hekaluni siku ya Sabato bila hatia (Mathayo 12:5), na ukisoma Hesabu 28:9 na 10 utaona kazi yao iliongezeka siku hiyo, kwa sababu wana-kondoo wawili waliongezwa juu ya dhabihu ya kila siku. Mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka kumi na minane aliponywa siku ya Sabato, na aliyekemewa ni mkuu wa sinagogi, aliyewaambia watu waje kuponywa siku nyingine sita. Wagonjwa hawana Jumapili, na anayewageuza kitandani usiku yuko mahali Bwana alipokuwa.

Kuhusu siku yenyewe, Paulo anaandika katika Warumi 14:5 kwamba mmoja hutofautisha siku na siku, mwingine huziona zote sawa, na kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Najua wapo wasomaji wetu wanaoshika siku ya saba kwa msimamo thabiti, nami ninawaheshimu, lakini kwako wewe sioni kosa ukiiweka siku yako ya kutokuwa zamu kuwa ya Bwana, hata iwe Jumatano. Hata mfalme Konstantino wa Roma alipotoa amri mwaka 321 kwamba mahakimu na watu wa mijini wapumzike Jumapili, aliwaruhusu wakulima waendelee na mashamba yao, hali Kutoka 34:21 ilikuwa kali zaidi kwa kudai pumziko hata wakati wa kulima na wa kuvuna.

Shida yako naiona kwenye ile zahanati. Hospitali imekupa siku, nawe umeiuza. Ninaelewa uchungu wa kupanga chumba huku una msingi wako na matofali yamekwisha kufyatuliwa. Hata hivyo, nyumba iliyochelewa miaka miwili haimuui mtu, na muuguzi asiyelala anaweza kukosea dozi. Chagua siku moja kila wiki ambayo zahanati haitakupata kwa gharama yoyote, uiandike kwenye ratiba kama unavyoandika zamu, nao wataizoea. Ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza kabla ya kufungua Biblia. Eliya alipochoka hadi kuomba kufa (1 Wafalme 19), malaika alimpa mkate na maji, akalala tena, akapewa mara ya pili, na maswali yalikuja baadaye sana, huko Horebu.

SWALI: Mimi ni mama lishe karibu na stendi, Morogoro. Mchungaji wetu anahubiri tufunge biashara Jumapili, lakini nisipopika siku hiyo rejesho la Jumatatu silipati. Je, ninatenda dhambi?

JIBU: Mama yangu, sitakuambia kwamba unatenda dhambi kwa kuwalisha watoto. Manabii waliposema kwa ukali kuhusu Sabato waliwalenga wengine: Amosi 8:5 inawataja wafanyabiashara waliokuwa wakihesabu saa ili Sabato ipite, wapunguze kipimo na kudanganya kwa mizani. Wewe hauko katika kundi hilo.

Ila neno «rejesho» limenishtua. Kama ni mikopo ile inayoitwa kausha damu, inayodai fedha kila siku au kila wiki bila huruma, basi anayekukataza kupumzika ni mkopeshaji, na mahubiri ya kufunga kibanda hayatasaidia mpaka deni hilo limekwisha. Usichukue jingine la kulifuta hilo. Likiisha, jaribu hesabu ya mana: tuseme, kwa mfano tu, unapata faida ya shilingi 12,000 kwa siku, ukiweka kando 2,000 kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili utakuwa na 12,000 mkononi bila kuwasha jiko. Maana yake ni kuishi kwa 10,000 siku sita, na wewe ndiye unayejua kama katika 12,000 kuna cha kupunguza. Pasipo cha kupunguza, anza na Jumapili moja kwa mwezi, au funga saa sita mchana wenye safari za asubuhi wakisha kuondoka.

Jibu lililobaki ni la wazee wa kanisa wanaosoma safu hii. Kabla mchungaji hajahubiri tena kuhusu vibanda vya stendi, baraza likae na kuuliza ni waumini wangapi wamebanwa na mikopo ya namna hiyo, na kama mfuko wa diakonia, yaani wa kuwahudumia wahitaji, unaweza kuwakopesha bila riba wakajinasua. Halafu semina ya akina mama itakapofanyika Jumamosi, chakula chake kiagizwe kwa mama huyu, na fedha alipwe siku hiyo hiyo kabla hajafunga vyombo vyake.